Kula Pamoja kwa Ajili ya Kazi: Nani Aalikwe, Nani Alipe?



Kuna desturi mpya iliyoingia kati yenu, nasi hatuna nia ya kuifukuza. Waalimu wapya, wauguzi, washonaji, maseremala, mafundi wa pikipiki, wenye diploma ya Serikali na wasio nayo, huandaa chakula cha pamoja ili wajuane, wapashane habari za kazi, na pengine wapate mtu wa kuwafungulia mlango. Mjini Goma jambo hilo mara nyingi hufanyika hotelini, kwa tiketi. Kijana hulipa dola zake, hupewa kiti, husikiliza hotuba tatu, hupigwa picha karibu na mheshimiwa, kisha hurudi nyumbani na namba za simu ambazo akizipiga hakuna anayeitika. Sasa desturi hiyo imepanda milima ya Masisi na kuteremka hadi msitu wa Walikale, nayo imekuja na mavazi yake ya mjini: mchango ule ule kwa kila mtu, meza kuu, na mgeni wa heshima.

Twasema wazi: chakula cha namna hii chahitajika kwetu kuliko mjini, lakini hakifai kuigwa jinsi kilivyo. Kwetu sisi wa Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, swali la nani akae mezani na nani ni zito kuliko adabu ya karamu, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wenu mmezoea kuona haya mbele ya neno "kujuana". Mwasema fulani amepata nafasi shuleni kwa kujuana, fulani ameandikwa katika mradi kwa kuwa mjomba wake yumo. Uchungu huo una haki. Kazi ya wote inapogeuzwa mali ya ukoo mmoja, mwenye uwezo huachwa mlangoni, na anayelipa gharama ni mgonjwa aliyetibiwa vibaya au mwanafunzi asiyefundishwa. Methali isemayo mkono mtupu haulambwi imegeuzwa kuwa sheria ya ofisi. Na kile "kifungu cha 15" kinachotajwa nchini kote, yaani kila mtu ajitafutie, kimekuwa kama katekisimu ya pili ya Wakongo. Atakayefungua Katiba ya 2006 na kusoma kifungu cha 15 halisi atakuta jambo jingine kabisa, tena zito: wenye mamlaka wanapewa wajibu wa kukomesha ukatili wa kijinsia. Juu ya kujitafutia hamna neno.

Hata hivyo kuna kujuana kwa namna nyingine. Seremala wa kijiji kimoja hajui kwamba shule iliyo ng'ambo ya kilima inatafuta madawati. Mshonaji hajui kwamba kituo cha afya kimekosa mashuka. Mfugaji ana maziwa yanayochacha, na nusu siku ya mwendo kutoka kwake yuko kijana aliyejifunza kutengeneza jibini ila hana ng'ombe hata mmoja. Katika mambo hayo hakuna mlungula wala mjomba. Habari haikutembea, basi. Na mahali ambapo barabara ni tope na simu hushika mtandao juu ya kilima tu, habari hutembea ndani ya mtu, na mtu huyo akifika ni lazima ale.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa makala juu ya watu wa mji mmoja karibu na Boston waliopata kazi kwa njia ya mtu waliyemjua. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara nyingi, asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja. Na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Boston si Ntoto, na wale walikuwa watu wa ofisi. Lakini sababu yake yaeleweka hata huku: rafiki wa karibu anajua yale yale tunayoyajua sisi, amesikia habari zile zile, ameketi kwenye benchi lile lile la kanisa. Habari ngeni hutoka kwa mtu wa pembeni. Kwa hiyo chakula cha kazi kinachowakusanya marafiki wa tangu utotoni chaweza kuwa kitamu sana na kisizae kazi hata moja.

Sasa twaingia mahali pagumu. Kwetu, huyo mtu wa pembeni ni nani? Si lazima awe wa mbali. Mara nyingi ni jirani wa kilima cha pili, ambaye baba yake na baba yetu hawakuketi tena pamoja tangu Machi 1993. Mwezi ule wenye silaha waliwashambulia Wahutu waliokuwa sokoni Ntoto, wakawaua wengi. Siku zilizofuata mauaji yalienea katika vijiji vingine, kisha vita vikashika Masisi nzima. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi: kila jamii ilizika watu wake, na kila jamii ilikimbia kwa wakati wake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maovu makubwa yaliyotendwa nchini Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, inaanza hesabu yake katika Machi hiyo ya 1993, na soko letu limo miongoni mwa mahali pa kwanza panapotajwa humo.

Ninyi hamkuwa mmezaliwa. Habari hizo mmezipokea vipande vipande, zaidi kwa njia ya kimya: nyumba ambayo mama hapendi mpite, jina ambalo likitajwa mazungumzo hukatika. Nasi tungependa mlitafakari hili, kwamba mambo yalianzia sokoni. Sokoni ndipo kazi za watu zinapokutana. Mwenye muhogo humhitaji mwenye chumvi, mwenye maziwa humhitaji mwenye jembe. Watu walikufa siku ile, na pamoja nao ukafa uhakika kwamba mtu aweza kwenda kutafuta riziki mahali pamoja na mwingine na akarudi nyumbani salama. Mwaka 1998 wazee wa jamii mbalimbali za Kivu ya Kaskazini waliunda Baraza lao la pamoja, wakalipa jina la kile kibanda ambamo wanaume wa kijiji walikuwa wakikaa kula na kukata mashauri. Lilikuwa jambo jema, ila lilikuwa la wazee, na habari zake zilikuwa ugomvi wa ardhi na wa uongozi. Fundi kijana na muuguzi kijana hawakupata baraza lao. Chakula mnachokipanga kingeweza kuwa mwanzo wa baraza hilo.

Ndiyo maana twashauri mwalike kwa kazi, wala si kwa kabila, wala hata kwa shirika la mtaa mnaosali pamoja. Mnapoandaa orodha, msianze na majina. Andikeni kwanza kazi: seremala, muuguzi, mkulima wa viazi, mwendesha pikipiki, mchimbaji aliyerudi kutoka Bisie na anayejua bei ya madini, mwalimu wa shule ya msingi. Kisha kwa kila kazi mtafute mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kula naye. Hilo latosha kuvuka kilima bila kutangaza kwamba mnavuka kilima, na bila kumfanya mtu aje kama mjumbe wa kabila lake. Aje kama seremala.

Wazo la kuchanganya kazi si letu. Mjini Chicago, tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu wa kazi tofauti walianza kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule. Kutoka zamu hizo likatokea jina la Rotary. Kwa miaka mingi kanuni yao ilikuwa kuchukua mtu mmoja wa kila kazi. Twaipenda zamu. Kanuni ya mtu mmoja hatuipendi sana, kwa sababu maseremala wawili wakijuana wanaweza kushika kazi ya madawati 60 ambayo mmoja peke yake angeikataa.

Karibu zaidi na moyo wetu ni mfano wa Ujerumani. Zamani kijana aliyejifunza ufundi alikula mezani kwa fundi wake na kulala nyumbani mwake. Viwanda vilipokua, desturi hiyo ilivunjika, na mafundi vijana wakawa watu wa njiani, wakila na kulala popote. Mwaka 1846, katika mji wa Elberfeld, mwalimu wa shule aitwaye Johann Gregor Breuer aliwaundia chama. Padri Adolph Kolping, ambaye mwenyewe alikuwa fundi viatu kabla ya upadri, alikitwaa chama hicho moyoni, na mwaka 1849 akaanzisha kingine mjini Köln akiwa na vijana saba tu. Alipofariki mwaka 1865 vyama hivyo vilikuwa zaidi ya 400. Nyumba zao zilimpa fundi mgeni kitanda, chakula, masomo, na watu wa kumwambia wapi pana kazi. Leo vyama vya Kolping vipo Tanzania, Kenya na Uganda. Twafurahi, na mtuvumilie katika hili, kwamba aliyeanza alikuwa mwalimu wa shule.

Tuje sasa kwenye fedha, kwa maana hapo ndipo tunapotofautiana zaidi na desturi ya mjini. Mchango ulio sawa kwa wote unaonekana kuwa haki. Mtazameni anayefungiwa nje: ni yule ambaye hana kazi, yaani yule ambaye chakula hiki kiliandaliwa kwa ajili yake. Wanaobaki ndani ni wenye mshahara, nao wanajuana tayari. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamwambia aliyemkaribisha kwamba anapofanya karamu asiwaite rafiki, ndugu na jirani matajiri, kwa sababu hao watamrudishia mwaliko. Awaite maskini, vilema na vipofu, ambao hawana cha kurudisha. Neno hilo linapiga moja kwa moja karamu za kutafutiana kazi, maana karamu hizo zinafanywa hasa ili mtu arudishiwe. Hatutaki kuyapunguza makali yake. Twaona tu kwamba katika kijiji chetu waweza kumwita asiye na cha kurudisha na ukamweka mahali ambapo kazi itampata. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto, sura ya 11, anawakemea kwa sababu wenye nacho walitangulia kula, hata mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Hakuwakataza kukusanyika. Aliwaagiza wangojeane.

Wazazi wenu wanayo tayari njia ya kungojeana, nayo ni likelemba. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu inazunguka mpaka wote wamefikiwa. Wengine kati yenu mmo katika zile muso zenye visanduku vitatu, cha kijani cha akiba na mikopo, chekundu cha misiba na maafa, na cha bluu cha fedha zitokazo nje. Chakula cha kazi kifuate roho hiyo. Nyumba zizunguke kwa zamu, na kila mmoja alete kile kilichopo kwao: unga wa muhogo, sombe, maharagwe, ndizi, mafuta ya mawese, chumvi, maziwa. Asiye na chakula alete kuni au maji, na hayo yahesabiwe kuwa mchango kamili, kwa maana bila kuni hakuna ugali. Vitu vyote vifike jikoni kabla ya wageni, kwa mlango wa nyuma, wala lisitajwe jina la aliyeleta nini. Kilo 4 za unga zatosha watu 12 hivi. Zaidi ya 12 twashauri msiende. Watu wakizidi hugawanyika, kila mmoja akakimbilia upande wa wale wanaozungumza lugha ya kwao. Hesabu hiyo hatukuichagua kwa ajili ya Mitume. Tumeichagua kwa ajili ya sufuria.

Juu ya jiko lenyewe tuna neno kali kidogo. Karibu kila mara tunapoona vijana wakila pamoja, wavulana huketi wakizungumza habari za kazi, na wasichana huwa jikoni. Msichana yule ni mshonaji, au amemaliza shule ya ualimu, au ni muuguzi anayezalisha wanawake usiku wa manane kwa mwanga wa tochi. Anarudi nyumbani akiwa amejua tu kwamba mboga zilitosha. Kama ndivyo chakula kinavyokwenda, afadhali kisifanyike. Upishi uishe kabla ya mazungumzo kuanza, waliopika waketi wa kwanza, na maji ya kunawa yaletwe na wavulana. Kibanda cha wazee kilikuwa cha wanaume peke yao, hapo hatuwafuati.

Kileo kisiwepo. Si kwamba kasiksi ni dhambi, ila kikombe cha tatu huamsha maneno ya 1993, nayo yakiamka hakuna awezaye kuyalaza.

Chakula kiwe cha mchana. Twajua kwamba jioni ina utamu wake, lakini huku vijana 12 wakikutana usiku, mwenye bunduki atauliza wanapanga nini, na hatangoja jibu. Chifu wa kijiji ajulishwe, na paroko vilevile. Silaha isiingie, hata ya ndugu wa mtu aliyekuja kumsindikiza. Jina la kundi lolote la vita lisitajwe kwa sifa wala kwa matusi. Na picha msipige. Mjini picha ndiyo faida ya karamu. Kwetu, picha ya kijana wa upande huu akila na kijana wa upande ule yaweza kumfikia mtu asiyefaa kuiona, na anayepatwa huwa ni yule aliye mnyonge zaidi kati ya wawili hao.

Mgeni wa heshima hahitajiki. Mheshimiwa akitaka kuja, aje, akae anapopata nafasi, na zamu yake ikifika aseme anafanya kazi gani na anahitaji nini, kama wote. Mkiona hawezi kusema anahitaji nini, mmejifunza jambo juu yake. Kila mmoja aseme kwa ufupi anajua kufanya nini, anakosa nini, na amesikia habari gani ya kazi huko alikotoka. Katibu aandike katika daftari. Chakula kinachofuata kianze kwa kusoma daftari hilo: fulani aliahidi kumuuliza mkuu wa shule juu ya madawati, je, alimuuliza? Hapo ndipo penye tofauti na zile namba za simu za hotelini. Ahadi inasikilizwa tena mbele ya wale wale walioisikia mara ya kwanza.

Hapa lazima tuweke mpaka, la sivyo tutakuwa tumejenga ukoo mpya badala ya ule wa zamani. Kumjulisha mtu si kumpitisha. Nafasi ya ualimu ikitangazwa mezani, wote wenye sifa waende kuiomba, na shule ichague kwa mtihani wake. Aliye katika kamati ya kuchagua asiseme lolote kumpendelea mtu wa meza yake. Tena aseme wazi kwamba wanakula pamoja. Muuguzi asiyejua kazi yake haboreki kwa kuwa tulimega ugali naye.

Wapo watakaotuuliza kama huu ni wakati wa kuandaa vyakula, wakati watu wamelala katika makambi na mashamba yameachwa. Tunalijua swali hilo. Hata sisi tumekula chakula cha kugawiwa kwenye mstari. Lakini tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango, na mtu mwenye fedha zake humo alikuwa sawa na asiye nazo. Aliyekuwa na likelemba, aliyekuwa na fundi wa kumkopesha msumeno, aliyekuwa na jirani wa kilima cha pili wa kumwambia njia ipi ni salama leo, huyo alikuwa na akiba isiyofungwa. Chakula cha watu 12 cha mara moja kwa mwezi, kilichotoka katika vyungu ambavyo vingepikwa hata hivyo, hakimnyang'anyi mwenye njaa. Kikimkuta mkimbizi aliye fundi, kimkaribishe. Cherehani yake imebaki kijijini, lakini mikono anayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya maharagwe yafaa kwa kuanzia. Sahani na vikombe viazimwe kwa mama wa vilima vyote viwili, vihesabiwe mbele yao, na jioni ile ile virudishwe na wavulana, vikiwa vimeoshwa.